Binti yetu aandike insha kwa mtindo wa nani?

SWALI

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Mke wangu ni wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Tulihamia Marekani watoto wakiwa wadogo na sasa tunaishi Kentucky. Binti yetu mkubwa ana miaka 15, yuko darasa la kumi. Ana akili na anapenda kusoma, lakini insha zake zimetugombanisha nyumba nzima, ndiyo maana nakuandikia.

Mwezi uliopita walipewa swali: je, shule zipige marufuku simu za mkononi? Akaja kwangu. Mimi nilisoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, kidato cha tano na cha sita, na insha za Historia nilikuwa nazimudu hasa. Nikamwambia afanye kama tulivyofundishwa: utangulizi, hoja sita, kila hoja na aya yake, hitimisho. Hoja tukazitafuta pamoja. Simu hupoteza muda, husaidia wizi wa mitihani, huleta matusi ya mtandaoni, huharibu usingizi, huwanyanyapaa wasio nazo, huwasumbua walimu. Akaandika vizuri, kwa mwandiko safi. Mwalimu wake akamrudishia karatasi na maneno haya: "Naona hoja sita, sioni unachokitetea. Chagua jambo moja ulithibitishe."

Mama yake akasema mwenye makosa ni mimi. Yeye amefanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari kule Kongo, na kwao disertasio, yaani insha ya kupima pande mbili za swali, ndiyo inayomtofautisha mtu aliyesoma na asiyesoma. Akamkalisha mezani: kwanza sababu za kupiga marufuku, kisha sababu za kuruhusu, mwisho muafaka. Safari hii mwalimu akaandika: "Pande zote mbili umezieleza vizuri sana. Nimefika mwisho sijajua wewe uko wapi."

Binti akalia, akatuambia tumwache aandike mwenyewe. Mama yake akakasirika. Anasema shule za hapa zinamfundisha mtoto kushika upande na kubishana kabla hajafikiri. Mimi nami nina langu. Juzi tulikuwa kwenye simu na baba yangu, Ujiji. Mzee ni mwalimu wa chuo, amesomesha Kurani maisha yake yote. Alikuwa akimsimulia mjukuu wake jinsi Livingstone na Stanley walivyokutana pale chini ya mwembe, na kwamba mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwapo siku hiyo. Binti akamkatiza: "Babu, una ushahidi gani?" Mzee akanyamaza, kisha akaaga. Nilimkemea binti, akanijibu kwamba shuleni ndivyo wanavyofundishwa.

Juu ya hayo, jamaa yangu mmoja msomi kanitumia mchoro unaoonyesha jinsi mataifa yanavyofikiri. Waingereza wamechorewa mstari ulionyooka, wengine mistari inayopinda, wengine wanazunguka kama gamba la konokono. Akaniandikia: "Sisi Waafrika ni hawa wa kuzunguka, ndiyo maana mwanao anakwama." Maneno hayo yameniuma na sikuwa na la kumjibu.

Tumfuate nani, Mwalimu? Na huyo jamaa anasema kweli?

Baba wa watatu, Kentucky

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Nisalimie dada yetu wa Uvira, na binti mwambie nimemsoma.

Nianze na mchoro, maana hilo ndilo linalokuuma na ndilo lisilostahili kukukosesha usingizi. Uliutoa mwaka 1966 Robert Kaplan, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu huko California. Alikuwa amesoma insha kama 600 za wanafunzi wa kigeni, akaona haziendi kama walimu wa Kimarekani walivyozoea, akachora njia tano: ya Kiingereza, ya lugha za Kisemiti, ya watu aliowaita wa Mashariki, ya lugha zilizotokana na Kilatini kama Kifaransa na Kihispania, na ya Kirusi. Utazame tena. Mwafrika hayumo. Huyo jamaa yako kachukua mzunguko uliochorewa watu wa Asia, akatuvika sisi.

Tena insha zile zote zilikuwa za Kiingereza, zimeandikwa na watu ambao Kiingereza bado wanajifunza. Ukinisoma mimi katika lugha ninayoibabaisha, utaona jinsi ninavyobabaika, hutaona jinsi ninavyofikiri. Wataalamu waliokuja baadaye walimkosoa sana kwa kuyafunga mataifa makubwa katika kachoro kamoja, na katika miaka ya 1980 Kaplan mwenyewe alikubali kwamba alikuwa amekaza mno. Kilichobaki na thamani katika kazi yake ni swali alilolifungua: kwa nini mwanafunzi mzuri wa nchi moja huonekana hajui kuandika akifika nchi nyingine?

Jibu liko nyumbani kwako. Wewe na mkeo mmekulia kwenye ziwa moja, mnasema Kiswahili, mmekula mgebuka ule ule. Kama mtindo wa insha ungekuwa unatoka katika damu au mila, ninyi wawili mngeandika sawasawa. Mnaandika tofauti kwa sababu wewe ulifanyishwa mtihani na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, na yeye akafanyishwa Exetat. Mtu huandika jinsi shule yake ilivyomsahihisha. Ukilishika hilo, ugomvi wa mezani unapungua nusu, kwa sababu hakuna anayemtetea baba yake wala kabila lake. Kila mmoja anamtetea msahihishaji wake wa zamani.

Sasa tuwatazame hao wasahihishaji, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sababu.

Wako alikuwa na shehena ya karatasi mbele yake. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa na mamia ya maelfu ya watoto nchi nzima, walimu hukusanywa kusahihisha, na lazima anayetoka Mtwara na anayetoka Bukoba watoe alama sawa kwa jibu lile lile. Hoja inayohesabika inawezesha hilo. Mwongozo unasema utangulizi alama kadhaa, kila hoja alama kadhaa, hitimisho alama kadhaa, na msahihishaji anapita na kalamu. Halafu kuna suala la lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka yake yote, anaingia kidato cha kwanza anakuta Historia, Jiografia na Baiolojia ni Kiingereza. Akiwa na maneno machache, hoja sita alizozishika kichwani ndizo zinazomvusha. Kwa hiyo nisingependa mtu aucheke mtindo huo. Umewavusha watoto wa wakulima na wavuvi ambao wangeangushwa na lugha tu.

Lakini umetugharimu, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu shule zetu nazipenda. Katika hoja sita, hakuna aliyewahi kutuuliza ipi ni kubwa. Usingizi unakaa sawa na wizi wa mitihani, kila mmoja na aya yake, kila mmoja na alama zake. Hatukuulizwa kama hoja ya pili inaipa nguvu ya tano au inaivunja. Tukafika chuo kikuu tumebeba madesa, tunajua sababu sita za Vita vya Kwanza vya Dunia na hatujawahi hata siku moja kulazimika kusema ipi ingetosha peke yake. Kupima uzito ndiko kufikiri kwenyewe, na hapo ndipo tulipoachwa.

Msahihishaji wa mkeo ana asili ya mbali. Disertasio ilikulia katika shule za sekondari za Ufaransa, ambako mtihani wa bakaloria ulianzishwa mwaka 1808, wakati wa Napoléon. Mpaka leo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huko hufanya mtihani wa falsafa wa saa nne, na akichagua disertasio hupewa swali la mstari mmoja tu, pengine kuhusu uhuru au haki au ukweli. Hakuna hoja za kukariri zitakazomwokoa. Anatakiwa aone ugumu uliojificha ndani ya swali, atembee na anayesema ndiyo mpaka wewe msomaji uanze kuamini, kisha atembee na anayesema hapana kwa uaminifu ule ule, ndipo atoe lake. Utaratibu huo ulifika Kongo pamoja na shule za Wabelgiji na lugha ya Kifaransa, ukakaa. Katika Exetat disertasio ina siku yake peke yake, kabla ya mtihani mkuu. Mkeo ana haki ya kujivunia. Kumsemea mtu usiyekubaliana naye, vizuri kuliko anavyojisemea mwenyewe, ni nidhamu ambayo watu wazima wengi hawana.

Udhaifu wake uko kwenye muafaka. Mwanafunzi akichoka huchukua kidogo huku na kidogo kule, akasema simu zitumike kwa kiasi, akafunga karatasi. Walimu wa Ufaransa wenyewe wanaichukia sana tabia hiyo. Hatua ya tatu inatakiwa ilisogeze swali mahali pengine. Kwa mfano: tatizo hasa ni simu, au ni nani mwenye haki juu ya usikivu wa mtoto saa za shule? Mtoto akifika hapo, amepata kitu cha kusimamia. Naamini hapo ndipo mwalimu wa binti yenu alipokuwa akimsubiri.

Na huyo mwalimu wa Kentucky naye ana historia yake. Wamarekani hawakuanza na utaratibu huu. Katika miaka ya 1870 Harvard ilianza kuwataka waombaji waandike insha ya Kiingereza ili waingie chuoni, na mwaka 1885 ikaweka somo la uandishi kwa wanafunzi wapya. Sekondari zikafuata kile ambacho vyuo vilikitaka. Baadaye ikaja insha ya aya tano ambayo karibu kila mtoto wa huko ameipitia: aya ya kwanza inatoa kauli kuu, tatu zinaitetea, ya mwisho inafunga. Msomaji anayedhaniwa ni mtu mwenye haraka, asiyekujua, asiye na deni kwako. Anataka ajue unachosema kabla hujamweleza kwa nini. Kwetu kuanza hivyo kungeonekana ni utovu wa adabu. Kwao ni kumheshimu msomaji kwa kutompotezea muda.

Mwaka 2010 jimbo lenu la Kentucky lilikuwa la kwanza Marekani kupokea viwango vya pamoja vya masomo vinavyoitwa Common Core. Vimerekebishwa tangu wakati huo, lakini uti wa mgongo wake katika uandishi ni ule ule: toa kauli, lete ushahidi, onyesha jinsi ushahidi unavyobeba kauli. Msomee mkeo sehemu hii: viwango hivyo vilimtaka mwanafunzi, kuanzia darasa la saba, aitambue na kauli inayopingana na yake. Kile alichomfundisha binti katika sehemu ya pili ya disertasio kina kiti chake Kentucky. Kilichobadilika ni kazi yake. Ufaransani pingamizi hupewa nyumba nzima likae. Marekani linakaribishwa ili lijibiwe.

Mkeo yuko sahihi pia katika lawama yake, nisimfiche binti. Mtoto aliyezoea kutoa kauli kwanza anaweza kuamua asubuhi na kutafuta ushahidi jioni, akaokota unaomfaa na kuuacha unaomsumbua. Walimu wa Kimarekani wanalijua hilo, na wengi wameilalamikia insha ya aya tano kwa miaka mingi kwamba inazaa watoto wenye msimamo kwa kila jambo na udadisi kwa machache. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba mmehamia nchi inayojua kufikiri. Mmehamia nchi yenye msahihishaji mwingine. Mngehamia China, binti angeandaliwa kwa gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, ambako insha kwa kawaida huchukua alama 60 kati ya 150 za somo la Kichina na isipungue herufi 800. Japani angekutana na mpangilio wa kale wenye sehemu nne, uliotoka katika ushairi wa Kichina, ambao sehemu ya tatu hugeukia jambo linaloonekana halihusiani kabisa, na msomaji ndiye anayetakiwa kuona uhusiano. Mtaalamu mmoja wa lugha, John Hinds, aliandika mwaka 1987 kwamba katika Kijapani mzigo wa kuelewana huwa zaidi juu ya msomaji, na katika Kiingereza zaidi juu ya mwandishi. Sina hakika linafaa kwa kila maandishi ya Kijapani. Linafaa sana kumweleza binti kwa nini mwalimu wake anamdai aseme wazi jambo ambalo yeye anaona limeshaeleweka.

Nije kwa Mzee, maana hapo kuna jeraha.

Ulipomkemea binti ulikuwa na haki kuhusu namna na ulikosea kuhusu swali. Namna ilikuwa mbaya: amemkatiza mzee katikati ya simulizi, kwa sauti ya darasani. Lakini kuuliza habari imetoka wapi hakukuanza Kentucky. Baba yako ni mwalimu wa chuo. Anajua kuliko sisi sote kwamba elimu ya hadithi za Mtume imejengwa juu ya swali hilo hilo. Kila hadithi ina matini na ina sanad, mlolongo wa waliopokezana. Wanazuoni walimchunguza mpokezi mmoja mmoja: alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri? Aliishi wakati mmoja na yule anayedai kumsikia, au umri haukubali? Mlolongo ukikatika, hadithi ilishushwa daraja hata kama maneno yake ni matamu. Hiyo ni elimu ya ushahidi, ya zamani sana, na imo katika ukoo wenu. Inasikitisha kwamba mtoto anadhani ushahidi ni kitu cha Wazungu, na sisi wazazi tunakubaliana naye bila kujua tunapomwambia "hayo mambo yako ya shule yaache huko."

Kwa hiyo mpigie Mzee wewe kwanza, peke yako, umtake radhi kwa kukatizwa. Usimwombee msamaha kwa swali. Mwambie mjukuu wake anataka kujua sanad ya ile habari. Sidhani kama kuna mwalimu wa chuo atakayekasirika kwa neno hilo. Kisha binti ampigie, amsikilize mpaka amalize, ndipo aulize: "Babu, na wewe ulisimuliwa na nani?" Na huyo aliyemsimulia, yeye alisikia kwa nani? Mkutano ule ulikuwa mwaka 1871. Mzee hakuwapo, na baba yake vilevile. Binti aandike majina, aone mlolongo unafika au unakatika wapi.

Halafu autendee haki hiyo hiyo na upande wa pili. Stanley aliandika kwamba alifika Ujiji tarehe 10 Novemba. Hesabu za siku za Livingstone na zake hazilingani, wote wawili walikuwa wameugua na kupotewa na tarehe njiani. Ile salamu maarufu, "Daktari Livingstone, bila shaka?", iliyoandikwa vitabuni duniani kote imetoka kwa Stanley, na kurasa za shajara yake zinazohusu mkutano huo zimechanwa. Livingstone hakuitaja. Mwembe wenyewe ulishakufa, na miembe iliyopo leo kwenye mnara wa kumbukumbu inasemekana ni uzao wake. Binti akiyaweka haya pembeni ya simulizi ya babu, ataona kwamba mtu hapati sifa ya ukweli kwa kuwa tu aliandika kitabu, wala hapotezi sifa hiyo kwa kuwa alisimulia kwa mdomo. Kila mmoja ana sanad, na kila sanad hukaguliwa. Kama mwalimu wake atawapa nafasi ya kuchagua mada, hiyo ingekuwa insha ya kuandikwa.

Turudi kwenye simu, nikuonyeshe kwa vitendo, kwa sababu hoja zako sita hazikuwa takataka. Zilikuwa mbichi tu.

Mwiteni binti, muweke karatasi katikati ya meza, mzungumze kwa Kiswahili. Kiingereza kitakuja wakati wa kuandika. Mtoto hafikiri vizuri huku anatafuta neno. Hatua ya kwanza ni ya mama: amuulize, anayetaka simu ziruhusiwe ana hoja gani nzuri kuliko zote? Tuseme binti anajibu kwamba mapumziko ni muda wa mwanafunzi mwenyewe, na kwamba mzazi huweza kumhitaji mtoto ghafla. Mama aendelee kubana mpaka swali lisogee: basi ni saa zipi ambazo usikivu wako si wako peke yako? Darasani, kwa sababu akichezea simu mmoja anawavuruga na wenzake. Hapo binti ameshapata kauli kuu, na ni yake: shule izuie simu wakati wa vipindi, iziruhusu wakati wa chakula, kwa sababu darasani usikivu ni mali ya wote na mapumzikoni ni wa mtu mwenyewe.

Hatua ya pili ni yako. Zichukue zile hoja sita, mpitishe moja moja mbele ya kauli hiyo. Kusumbua walimu na kupoteza muda ni jambo moja, zinaungana, zinakuwa hoja yake kubwa. Wizi wa mitihani unaingia, kwa kuwa hutokea darasani. Usingizi unatoka: simu inayoharibu usingizi inatumika nyumbani usiku, na marufuku ya shule haiigusi. Mimi ningeitoa hiyo bila huruma. Kuwanyanyapaa wasio nazo ni kweli, lakini hakumsaidii kutofautisha saa za kipindi na saa za chakula, nayo itoke. Yanabaki matusi ya mtandaoni. Hapo tulia naye, kwa sababu matusi hutokea hata wakati wa chakula, kwa hiyo hoja uliyomtafutia wewe kuunga mkono marufuku inageuka kuwa pingamizi zito dhidi ya kauli yake mwenyewe. Asiikimbie. Aiandikie aya nzima, aiseme kwa nguvu zake zote kama mama alivyomfundisha, kisha aijibu. Pengine atasema matusi hutumwa pia saa za jioni, na dawa yake ni kumwadhibu anayetukana popote alipo. Pengine atashindwa kulijibu, na atalazimika kuirekebisha kauli yake. Akiirekebisha, msimwambie amepoteza.

Hoja sita zimebaki mbili na pingamizi moja, na karatasi itakuwa fupi kuliko ile ya kwanza. Utasikia kishawishi cha kumwongezea. Jizuie. Najua mkono wako umezoea kuhesabu, lakini huko hakuna atakayempa alama kwa idadi.

Hatua ya tatu ni ya binti peke yake, ninyi mkiwa chumba kingine. Alilolisema akilia, kwamba mwacheni aandike mwenyewe, ni ombi la haki, na mmelichukua kama ukaidi. Kazi yenu ni kumhoji kabla hajaandika na kumsoma akishamaliza. Katikati hapo hapawahusu.

Mkishamsoma, msimsahihishe Kiingereza. Kila mmoja amuulize swali moja tu. Wewe uulize: hapa umejuaje? Mama aulize: asiyekubaliana nawe atasema nini akifika aya hii? Akiweza kuwajibu kwa mdomo lakini jibu halimo kwenye karatasi, basi alirudishe kwenye karatasi. Mara nyingi hilo ndilo lililopungua. Watoto wetu wanajua zaidi ya wanavyoandika, kwa kuwa wamelelewa kutomweleza mtu mzima jambo ambalo mtu mzima analijua.

Kuhusu shule, usisubiri karatasi zirudi na wino mwekundu. Mwandikie mwalimu wake umwombe vitu viwili: jedwali analotumia kutolea alama, na insha moja ya mwanafunzi wa zamani iliyopata alama za juu, jina likiwa limefutwa. Huko si aibu kuuliza, na walimu wengi wa Marekani huwagawia wanafunzi jedwali hilo kabla ya kazi, kwa hiyo inawezekana liko kwenye begi la binti tangu wiki ya kwanza. Mkae wote watatu mlisome pamoja na ile insha. Mama atafute pingamizi limewekwa wapi na limejibiwa kwa sentensi ngapi. Wewe utafute ni hoja ngapi mwandishi alizitumia, na ni zipi ambazo angeweza kuzitumia akaziacha. Baada ya hapo binti aiandike upya ile ya simu, hata kama alama zake zimeshaingizwa, awapelekee mwalimu na ninyi nakala.